Nyumba ya walimu Nanyamba: saruji tuipunguze wapi bila kuidhoofisha nyumba?

MjumbeWaKamati

Habari za kazi wadau wa ujenzi. Kamati yetu inajenga nyumba ya walimu, familia mbili chini ya paa moja, upande wa Nanyamba hapa Mtwara. Sakafu ni mita za mraba 120. Kuta, ukitoa milango na madirisha, zinabaki kama mita za mraba 210. Wananchi wanachangia nguvu kazi, mawe na mchanga. Saruji, nondo na bati zinatoka kwa mfadhili, naye ametupa sharti moja: tuonyeshe kwa hesabu tumepunguza hewa ukaa kiasi gani tukilinganisha na nyumba ya kawaida ya bloku za inchi 6.

Kwenye kikao yametoka mapendekezo matatu. Wapo wanaotaka tofali za kufungamana za udongo na saruji, zile za kufyatua kwa mashine zinazoshikana zenyewe bila mota. Wapo wanaotaka tofali za kuchoma, maana mikorosho mizee ya kukata ipo na mafundi wa tanuri wapo. Na wapo wanaosema tubaki na bloku zetu, ila tununue saruji ya kiwanda cha hapa hapa Mtwara ili kuepuka safari ya lori kutoka Dar es Salaam.

Udongo wa eneo ni mwekundu: juu una mchanga mwingi, ukishuka kama mita moja unakuwa mzito na unashika kwenye jembe. Maji tunanunua kwa pipa. Naomba mwenye uzoefu wa hesabu na wa site atuambie lipi linapunguza kweli, na nini huwa kinaharibika njiani.

Mkadiriaji_Ligula

Mjumbe, karibu. Nianze na hoja ya lori kwa sababu inaisha haraka. Lori la tani 30 likila lita 45 kwa kilomita 100, na kila lita ya dizeli ikitoa kilo 2.7 za hewa ukaa, safari ya Dar hadi Mtwara, kilomita 560 hivi, inatoa kilo 680. Gawanya kwa tani 30 unapata kilo 23 kwa tani, au kilo 1.1 na ushee kwa mfuko. Hata likirudi tupu haifiki kilo 2.5. Saruji yenyewe iliyomo ndani ya mfuko imeshatoa kilo 30 na zaidi kabla haijapakiwa. Nunueni ya karibu kwa sababu ya bei na kwa sababu haikai ikaganda ghalani, lakini msiende kwa mfadhili na hoja hiyo peke yake.

Hewa ukaa ya saruji inatoka kwenye klinka, yale madonge yanayotoka kwenye tanuri la kiwanda na kusagwa kuwa saruji. Chokaa ya mawe inapochomwa, kila kilo 100 zinaachia kilo 44 za hewa ukaa na kubakiza kilo 56 za chokaa hai. Hiyo ni kemia ya jiwe lenyewe. Hata tanuri likitumia gesi asilia ya hapa Mtwara, ya Mnazi Bay, badala ya makaa ya mawe, sehemu hiyo haipungui. Juu yake unaongeza moto wa kufikisha nyuzi 1,450. Ndiyo maana njia ya uhakika ni mbili tu: saruji yenye klinka kidogo, au saruji kidogo kwenye nyumba.

Sasa kuta. Hesabuni saruji kwa mita moja ya mraba ya ukuta uliokamilika. Bei ya tofali moja haiwaambii kitu hapa.

Bloku za inchi 6 zinakwenda 9 kwa mita ya mraba. Mfuko ukitoa bloku 30, hapo kuna kilo 15 za saruji. Mota ya kujengea kilo 4. Plasta ndani na nje, milimita 15 kila upande kwa mchanganyiko wa saruji 1 kwa mchanga 5, kilo 10. Jumla kilo 29. Kwa mita zenu 210 ni mifuko 122.

Tofali za kufungamana za sentimita 30 kwa 15 kwa 10 zinakwenda 33, weka 34 kwa kuvunjika. Mfuko ukitoa tofali 80, hapo kuna kilo 21 za saruji. Ndiyo, ni nyingi kuliko zilizomo kwenye bloku! Faida inakuja kwa sababu hakuna mota katikati na hakuna plasta. Ongeza kilo 3 za kozi ya kwanza (safu ya chini kabisa ya tofali), uji wa saruji wa kwenye matundu ya tofali na kujaza mistari ya nje, jumla kilo 24, sawa na mifuko 101. Udongo ukiwa mzuri mkafika tofali 100 kwa mfuko, mnashuka hadi kilo 20, mifuko 84.

Hapa ndipo miradi mingi inapopotelea. Ukuta wa tofali za kufungamana unajengwa, kisha mtu anasema hauna hadhi, unapigwa plasta pande zote mbili. Kilo 10 zinarudi, mnafika kilo 34, yaani mifuko 143. Mmetumia saruji nyingi kuliko bloku na mfadhili amepewa picha ya mashine. Kamati iamue sasa, kwa muhtasari ulioandikwa, kwamba ukuta unabaki wazi. Kama haiwezi kuamua hivyo, jengeni bloku.

Tofali za kuchoma zina saruji chache, kama kilo 13 za mota kwa ukuta wa tofali nzima. Tatizo ni kuni. Ukuta wenu utakuwa na tofali zenye uzito wa tani 59 hivi. Tanuri la kienyeji linapoteza joto pembeni na juu. Hata tukilipendelea tukasema linatumia megajuli 2 tu kwa kilo ya tofali, ni tani 8 za kuni kavu na tani 14 za hewa ukaa. Mifuko 122 ya saruji ya 32.5 (daraja la nguvu linaloandikwa kwenye mfuko; la juu yake ni 42.5) ni kama tani 4. Mikorosho ikipandwa upya itairudisha hewa hiyo polepole, lakini tanuri linaitoa ndani ya siku chache, na kwa ukanda wetu miti inayoishia humo mara nyingi ni ya msituni, siyo mikorosho.

Fundi_Newala

Mkadiriaji kamaliza hesabu, mimi niseme udongo, maana tofali 80 au 100 kwa mfuko inaamuliwa na shimo mnalochimba.

Ondoeni sentimita 30 za juu zote, zenye mizizi na mboji. Kisha tengenezeni kisanduku cha mbao: urefu wa ndani sentimita 60, upana 4, kina 4. Pakeni mafuta ndani. Chukueni udongo uliochekechwa, ulowesheni hadi uwe kama wa kukandika, ujazeni kwa kushindilia kwa kijiti ili hewa isibaki, sawazisheni juu. Wekeni juani siku 3, au kivulini wiki nzima. Ukikauka usukumeni wote upande mmoja mpime pengo lililobaki. Pengo la milimita 15 hadi 30 ni udongo mzuri. Chini ya 15 una mchanga mno: tofali mbichi itamomonyoka kona wakati wa kuitoa kwenye mashine. Kati ya 30 na 45 unahitaji mchanga au saruji zaidi. Zaidi ya 45 msiutumie hivyo ulivyo, utapasuka.

Fanyeni kipimo hicho kwa udongo wa kila kina, kila shimo. Udongo wa nyanda zetu za Makonde unabadilika ndani ya kiwanja kimoja.

Kuchanganya: wavu wa chekecheo usizidi milimita 5. Kwa tofali 80 kwa mfuko, ni ndoo za lita 20 kama 22 hadi 24 za udongo mkavu uliolegea kwa mfuko mmoja. Lakini msichanganye mfuko mzima kwa mara moja. Mashine ya mkono yenye watu 5 inatoa tofali 400 kwa siku ikienda vizuri, yaani 50 kwa saa. Mfuko mzima utachukua saa moja na nusu, na saruji inaanza kushika baada ya dakika 45 hivi, jua la saa sita mapema zaidi. Tofali 30 za mwisho zitakuwa zimefyatuliwa na saruji iliyokwisha kufa. Kwa macho hazina tofauti na nyingine. Utazijua mwezi unaofuata zikianza kuachia unga. Changanyeni robo mfuko na ndoo 6 za udongo. Geuzeni makavu mara 3 hadi rangi iwe moja, kisha nyunyizieni maji kwa keni yenye matundu, msimwage kwa ndoo.

Maji yanapimwa kwa mkono. Finyanga donge, liachie kutoka usawa wa kifua lidondoke kwenye ardhi ngumu. Likivunjika vipande 4 hadi 6, fyatueni. Likisambaratika kuwa unga, ongezeni maji. Likibonyea bila kuvunjika, maji yamezidi: tofali itanata kwenye mashine na ikikauka itapungua kimo.

Kimo ndicho kila kitu kwenye tofali za kufungamana. Hakuna mota ya kuficha kosa, kwa hiyo tofali iliyozidi milimita 2 kozi ya pili inakuwa kilima kozi ya kumi. Kimo hubadilika kwa sababu anayejaza leo anajaza pomoni na wa kesho anajaza nusu. Tengenezeni kopo moja la kupimia, mjaze kwa kopo hilo hilo kila tofali. Na mtu mmoja akae na kipimo cha chuma chenye pengo la milimita 100, apime tofali moja kwa kila kumi. Zilizopungua au kuzidi zitengwe zitumike juu ya madirisha au nusu nusu.

Kutunza: siku ya kwanza zipangwe moja moja kivulini, zisipandane. Siku ya pili zipandane kozi 5, zifunikwe nailoni nyeusi hadi chini, nailoni ibanwe kwa mawe. Hapa ndipo shida yenu ya maji inapopata nafuu: chini ya nailoni iliyobanwa vizuri unanyunyiza mara moja kwa siku, maji kidogo tu, kwa siku 7. Bila nailoni utamwaga mara tatu na upepo wa kusi utayakausha yote. Ukuta usijengwe kabla ya siku 28 kutimia. Kwa tofali 7,140 jumla ya maji ya kufyatulia ni lita 6,000 hivi, mapipa 30 ya lita 200. Yaingizeni kwenye bajeti.

Mingoyo_Zege

Salaam kutoka Lindi. Nakubaliana na waliotangulia, ila naona wote tumekodolea kuta. Mkishusha kuta kutoka mifuko 122 hadi 101 mmeokoa mifuko 21, kama kilo 670 za hewa ukaa. Njooni niwaonyeshe kiasi hicho hicho kimelala wapi bila mashine yoyote.

Angalieni kama ramani yenu ina nguzo za zege kila kona na kila makutano ya kuta. Nyumba ya chini yenye kuta zinazobeba mzigo haihitaji nguzo hizo. Zimekuwa mazoea tu. Nguzo 14 za sentimita 23 kwa 23, kimo mita 3, ni mita za ujazo 2.2 za zege, mifuko 15 ya saruji ya 42.5. Nondo 4 za milimita 12 kila nguzo pamoja na ringi za milimita 8 ni kilo 17.5 hivi, jumla karibu kilo 245. Chuma kinatoa takribani kilo 2 za hewa ukaa kwa kilo, kikiyeyushwa kutoka chakavu pungufu ya hapo. Zege na nondo pamoja ni zaidi ya tani moja. Mhandisi akikubali kuziondoa, mmepata kuliko faida yote ya ukuta.

Jamvi, yaani zege la sakafu. Milimita 100 kwenye mita za mraba 120 ni mita za ujazo 12, mifuko 72. Kwa nyumba ya kuishi milimita 75 zinatosha, mifuko 54, kwa sharti kwamba kifusi cha chini kimeshindiliwa tabaka kwa tabaka, kila tabaka lisizidi sentimita 15, na juu yake mawe yaliyopangwa kwa mkono na kujazwa changarawe. Kifusi kikimwagwa chote kwa siku moja na kukanyagwa kwa miguu, jamvi litapasuka liwe milimita 75 au 150. Saruji haiponyi kifusi kilicholegea.

Msingi, kwa kuwa wananchi wanaleta mawe, jengeni kwa mawe na mota. Zege la chini liwe jembamba la kusawazishia.

Na maji kwenye zege! Hili linaniuma kila ninapoliona. Mfuko mmoja unataka lita 25 hadi 27, hakuna zaidi, na humo hesabu unyevu wa mchanga: mchanga wa mvua wenye unyevu wa asilimia 5 kwenye mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) umeshaleta lita 5 wenyewe. Saidia fundi akiongeza lita 10 ili koleo liteleze, nguvu inashuka kwa theluthi au zaidi. Kisha mtu anasema zege ni dhaifu, kesho tuongeze mfuko. Pimeni maji kwa ndoo yenye alama, hiyo tu inaokoa saruji nyingi kuliko aina yoyote ya tofali.

Mahali ambapo msikate hata kidogo: lenta ya kuzunguka nyumba yote na kufunga paa. Lindi ilipigwa na kimbunga Aprili 1952. Kenneth mwaka 2019 alituelekea akaingia Msumbiji, Hidaya Mei 2024 akatua pwani yetu. Nondo ya milimita 8 au 10 itoke ndani ya lenta, ipande ikumbatie kila kenchi, siyo waya wa kufungia ringi uliosokotwa. Paa likiruka mnalijenga mara ya pili, na hewa ukaa yake mara ya pili.

MjumbeWaKamati

Nashukuru sana wakuu. Tumefanya kipimo cha kisanduku. Udongo wa kati ya sentimita 30 na 90 umeacha pengo la milimita 9. Wa chini ya mita moja umeacha milimita 47. Ramani kweli ina nguzo 12, nimeshaliandika swali la mhandisi.

Nina mengine matatu. Fundi wetu anasema ndani lazima plasta, walimu hawatakubali kulala kwenye tofali wazi, vumbi na wadudu. Pili, kuna kijana anasema majivu ya maganda ya korosho yakichanganywa na saruji yanapunguza saruji kwa robo; maganda kwetu ni milima. Tatu, wengine wanataka chokaa ya kuchoma ya pwani kwa sababu nyumba za mji wa kale wa Mikindani zimesimama nayo miaka mingi.

Fundi_Newala

Milimita 9 na 47, hapo mna bahati, msinunue mchanga. Changanyeni ndoo 1 ya juu na ndoo 1 ya chini, rudieni kisanduku. Mtaangukia kati ya 20 na 30. Kama bado ni zaidi ya 30, nendeni ndoo 3 za juu kwa 2 za chini. Donge la udongo mzito lazima lipondwe likiwa kavu na lipite kwenye chekecheo. Likiingia kwenye mashine zima linabaki kidonda ndani ya tofali, likilowa linavimba na kurusha kipande cha uso.

Chimbeni mashimo ya choo na maji taka kwanza, udongo wake utumike. Mnahitaji kama mita za ujazo 44 zikiwa zimelegea.

Ndani pigeni udongo, saruji isiguse. Tabaka la kwanza: udongo wenu wa chini sehemu 1, mchanga sehemu 2 hadi 3, nyasi kavu zilizokatwa urefu wa vidole viwili, konzi kadhaa kwa kila karai, mloweke usiku kucha. Lowesha ukuta, piga unene wa sentimita 1. Likikauka na kupasuka nyufa ndogo ni sawa, lakini likijitenga na ukuta ukigonga, mchanga ulikuwa mdogo. Tabaka la pili ni milimita 3, udongo uliochekechwa kwa wavu wa mbu na mchanga laini 1 kwa 3, lisuguliwe kwa sponji yenye unyevu. Juu yake chokaa ya kupaka nyeupe. Mwalimu ataona ukuta mweupe ulionyooka. Jikoni na bafuni ndiko mpige plasta ya saruji, hadi kimo cha mita moja na nusu kwenye eneo la maji.

Nje jazeni mistari. Tofali hizi zikipangwa kavu mvua ya upepo inapita kwenye mstari, na mchwa nao. Udongo uliochekechwa laini 8 kwa saruji 1, uingizwe kwa kijiko chembamba mstari ukiwa umeloweshwa. Kozi 3 za chini juu ya msingi wekeni bloku za saruji, kwa sababu maji ya matone ya paa yanarukia hapo, na paa litoke nje ya ukuta sentimita 70 hadi 90. Kozi ya kwanza ya tofali za kufungamana ndiyo pekee inayokaa kwenye mota. Ipimwe kwa pima maji ya mpira kona zote kabla ya ya pili. Kwenye kona na pembeni mwa milango shusheni nondo moja ya milimita 10 kwenye tundu na mjaze uji wa saruji na mchanga. Milango na madirisha yapangwe kwa upana unaogawanyika kwa sentimita 15, vinginevyo mtakata tofali kila kozi na mabaki yatakuwa rundo.

Shangani_Chokaa

Kuhusu Mikindani. Kuta zile ni mawe ya matumbawe na chokaa, nene, zilizojengwa na watu waliokuwa na muda. Chokaa haina dhambi: inapumua, haipasui jiwe, na ikikaa ukutani inarudisha polepole sehemu ya hewa ukaa iliyotoka kwenye jiwe. Lakini tanuri la pwani linakula kuni nyingi, na wachomaji wengine wanaingia baharini kutoa matumbawe hai. Matumbawe hayo ndiyo nyumba ya samaki na ndiyo yanayovunja mawimbi kabla hayajafika ufukweni. Ghuba ya Mnazi hadi maingilio ya Ruvuma ni hifadhi ya bahari tangu mwaka 2000. Mkitaka chokaa kwa rangi ya ndani nunueni ya mfuko, iliyotokana na mawe ya nchi kavu. Vivyo hivyo boriti za mikoko, msiziguse.

Pale chokaa inapofaa kuliko saruji ni kwenye udongo mzito. Kwa walioko Lindi na Kilwa, ule udongo wa kijivu unaopasuka kiangazi hauponi kwa saruji; chokaa asilimia 6 hadi 8 inaubadilisha, ila tofali zinahitaji unyevu na muda mrefu zaidi, karibu mara mbili. Ninyi Nanyamba hamna haja hiyo.

Wenye viwanja vya karibu na bahari: udongo na mchanga wenye chumvi usitumike. Chumvi inapanda na unyevu, inakauka juu ya uso wa ukuta, inamenya tofali sentimita 30 za chini. Kwenye zege la nondo ni mbaya zaidi.

Jambo la saruji yenyewe, someni mfuko. CEM I ina klinka asilimia 95 na zaidi. CEM II/A ina viongezi asilimia 6 hadi 20, CEM II/B 21 hadi 35. Herufi inayofuata inasema kiongezi: L au LL ni mawe ya chokaa yaliyosagwa, P ni pozolana ya asili ya volkano, M ni mchanganyiko. Kwa tofali, mota na jamvi chukueni CEM II/B 32.5. Saruji ya 42.5 ibaki kwa lenta. Watu wananunua 42.5 kwa kila kitu wakidhani ni heshima kwa nyumba. Kwenye plasta inaleta nyufa tu.

Zaidi ya hapo kuna saruji inayoitwa LC3, nusu yake klinka, asilimia 30 udongo uliochomwa nyuzi 700 hadi 850, asilimia 15 mawe ya chokaa na iliyobaki jasi. Inapunguza hewa ukaa hadi asilimia 40. Mtwara tuna mawe ya chokaa, tuna gesi, na udongo unaofaa hauhitaji moto wa klinka. Ningependa sana kuiona ikitoka kusini. Kwa nyumba yenu ya sasa hesabuni kilichopo dukani.

Mkadiriaji_Ligula

Majivu ya korosho, jibu langu ni hapana. Jivu linalochukua nafasi ya saruji ni lenye silika (madini yaliyomo kwenye mchanga) nyingi isiyokuwa na umbo la fuwele, kama la pumba za mpunga, ambalo silika yake hufika asilimia 85 hadi 95 likichomwa taratibu, moto usizidi nyuzi 700, kisha likasagwa laini kama saruji. La ganda la korosho silika yake ni ndogo sana kulinganisha na hilo, na mafuta ya ganda yasiyoungua vizuri yanaweza kuvuruga kushika kwa saruji. Robo ya saruji ikitolewa na kuwekwa jivu hilo, mmetoa robo ya saruji tu. Na msilichome uwanjani: moshi wake unachoma macho na ngozi.

Sasa karatasi ya mfadhili. Iwe na mistari michache inayopimika: mifuko ya 32.5 iliyoingia na iliyotumika, mifuko ya 42.5, kilo za nondo, lita za dizeli za lori na za mashine kama ipo, kuni sifuri. Mtunza stoo aandike kila siku mifuko iliyotoka na tofali nzima zilizopatikana. Zidisheni 32.5 kwa kilo 32 kwa mfuko, 42.5 kwa kilo 37, nondo kwa 2, dizeli kwa 2.7. Kama kiwanda kina tamko rasmi la kaboni la saruji yake tumieni tarakimu zake badala ya zangu. Pembeni wekeni safu ya nyumba ya bloku: kuta mifuko 122, jamvi 72, nguzo 12 mifuko 13 na nondo kilo 210.

Kwa niliyoyasoma hapa: kuta mkifika mifuko 90, jamvi 54, nguzo zikiondoka, mnaokoa mifuko 50 ya 32.5, 13 ya 42.5 na kilo 210 za nondo. Ni kilo 1,600 na 480 na 420, yaani tani 2.5. Ongezeni hapo plasta ya saruji ya bafu na jikoni kwa ukweli wake, msiifiche.

Mingoyo_Zege

Mhandisi wa halmashauri lazima asaini kabla ya tofali ya kwanza, hasa kuondoa nguzo na kubadili aina ya ukuta, kwa sababu ramani za walimu zinakuja zimeshapangwa. Nendeni naye mkiwa na ushahidi mkononi: tofali 6 zilizotimiza siku 28, 3 kavu na 3 zilizolowekwa maji saa 24, zikavunjwe maabara ya TANROADS (wakala wa barabara) mkoa. Lengo ni Newtoni 2.5 hadi 3 kwa milimita ya mraba zikiwa kavu, na zilizolowa zisishuke chini ya nusu yake. Fyatueni 30 za majaribio kwa uwiano wa 80 na 30 kwa uwiano wa tofali 100 kwa mfuko, mpime za aina zote mbili. Uwiano wa 100 ukipita, basi mifuko ishirini kwa kila mia imebaki stoo.

Fundi_Newala

Na ratiba. Mashine ianze Juni ardhi ikiwa imekauka. Kwa tofali 400 kwa siku ni siku 18 za kazi, wekeni 25 kwa kuharibika kwa mashine, misiba na magulio. Wakati tofali zinatimiza siku 28 mnamaliza msingi na jamvi. Kuta Agosti, lenta Septemba, kwa kutumia tofali zenye umbo la U ili msinunue mbao za kupigia boksi. Bati liwe limefungwa kabla Oktoba haijaisha. Plasta ya udongo ya ndani ipigwe baada ya bati na kabla ya Desemba, maana mvua zikianza kwetu unyevu hauondoki na plasta hiyo itachukua wiki kukauka na kuota ukungu.

Mashine mkikodi, kagueni bamba la chini na pini za mkono kabla ya kulipa. Zikiwa zimelika, kimo cha tofali hakitakaa sawa hata mkipima kwa kopo.